Msimsingizie Nondo

Kuna sentensi moja nimeisikia mara nyingi kuliko umri wangu unavyostahili: "Mwanaume ni kama nondo, akishasikia harufu hana ujanja." Nimeisikia kwenye video za washauri wa mahusiano, wale wanaopenda kujirekodi wakiwa ndani ya gari. Nimeisikia kwa muuza manukato Ujiji. Nimeisikia kwa mwanafunzi mwenzangu wa uzamili, kijana wa maabara kabisa, ambaye aliimalizia kwa kuniambia "ni biolojia tu, usikasirike." Na mwaka huu nimeisikia nyumbani Bangwe, kwenye kikao cha watu wazima, ikitumika kama hukumu. Hapo nikasema basi, hili naliandikia.

Mimi nasomea wadudu. Utafiti wangu unahusu kiwavijeshi vamizi, yule aliyeingia Tanzania mwaka 2017 na kuyageuza mahindi ya watu kuwa chujio. Kiwavi huyo ni mtoto wa nondo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuamka alfajiri, kufungua mtego wa plastiki shambani na kuhesabu nondo dume, mmoja mmoja, nikiwageuza kwa koleo dogo. Kwa hiyo sentensi ile inanichoma mara mbili: kwanza kwa sababu mimi ni mwanamke, pili kwa sababu nondo namfahamu. Watu wanamtaja kama shahidi wao, wanatamba naye, na hawajawahi kumsikiliza hata dakika moja. Mkishamwita shahidi, mwacheni amalize.

Tuanze na taa, maana najua ndiko mawazo yanakokimbilia. Ukikulia Bangwe nondo unamjua kwa taa. Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa imewasha taa zake huko mbali, utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji, na huku barazani nondo wanagonga balbu mpaka asubuhi mama anafagia mabawa. Picha hiyo ndiyo iliyomo kichwani mwa anayesema mwanaume ni nondo: kiumbe kimeona uzuri, kimepoteza akili, kimejirusha. Washairi wa Uajemi waliitumia kwa karne nyingi, nondo na mshumaa, na sina ugomvi nao, wengi wao walikuwa wanazungumza habari za mja na Mungu wake. Lakini kama ni habari ya mdudu mwenyewe, picha hiyo haisimami. Mwaka 2024 watafiti waliowarekodi wadudu kwa kamera za kasi kubwa walichapisha katika jarida la Nature Communications kwamba mdudu wa usiku haifuati taa kabisa. Anachofanya ni kugeuza mgongo wake upande wenye mwanga, kwa sababu kwa mamilioni ya miaka upande wenye mwanga usiku ulikuwa ni juu, angani. Ukimwashia balbu ubavuni anaipa mgongo balbu, na kwa kufanya hivyo anajikuta anazunguka hapo hapo asitoke. Hajapenda kitu. Amepoteza juu na chini, basi.

Mapenzi ya nondo yako gizani, na yanapita kwenye vipapasio. Kiswahili kinasema "kusikia harufu", na kwa nondo huo usemi umekaa mahali pake kuliko kwetu sisi, kwa sababu kuna mtu anaita kweli.

Anayeita ni jike. Hili naliweka mbele kwa makusudi kwa kuwa ndilo wasemaji wetu wanaloliruka. Jike hutua kwenye jani au shina, na saa yake ikifika husukuma nje tezi iliyoko ncha ya mkia na kuachia kiasi kidogo sana cha kemikali kiende na upepo. Kila spishi na saa yake ya usiku. Wataalamu wa wadudu wana neno la kawaida kabisa kwa kitendo hicho: wanasema jike anaita. Hawasemi anatega, hawasemi anashawishi, hawasemi anajinukiza. Asipotaka haiti. Na katika spishi nyingi akishapata mwenza huacha kuita, tezi hupunguza uzalishaji, na madume watapita juu yake kama wanaopita juu ya jiwe.

Kujua ni nini hasa kinachosafiri kwenye huo upepo kulichukua muda mrefu. Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake walihangaika na nondo wa hariri kwa takriban miaka 20. Walikusanya tezi za majike wapatao 500,000, na mwaka 1959 wakatangaza kwamba wameipata: aina ya alkoholi yenye kaboni 16, wakaiita bombikoli. Kutoka kwa majike nusu milioni walibaki na miligramu 12 hivi za kufanyia uchunguzi, uzito usiofikia punje moja ya mchele. Neno lenyewe, feromoni, lilitungwa mwaka huo huo. Na miaka miwili kabla, 1957, Mjerumani mwingine, Dietrich Schneider, alikuwa ameunganisha nyaya nyembamba kwenye ncha mbili za kipapasio cha dume na kuona umeme wake ukibadilika kila alipokipulizia harufu ya jike. Mpaka leo maabara nyingi duniani hufanya jaribio hilo hilo. Nami nimelifanya, na nakiri kuna raha ya ajabu kuuona mstari kwenye kompyuta ukishuka ghafla kwa sababu kipapasio kimesikia kitu ambacho wewe uliyekishika husikii chochote.

Kipapasio cha dume wa nondo wa hariri kimekaa kama kitana. Sisi wa Kigoma tungesema kama kuti dogo la mchikichi. Kina vinywele kama 17,000 vyenye kazi moja, kumsikia jike. Kila kinywele kina matundu madogo sana ukutani. Molekuli ya bombikoli ikigonga kinywele hunasa kwenye nta iliyopo juu, huteleza mpaka tunduni, huingia. Ndani kuna majimaji, na molekuli yenyewe ni ya asili ya mafuta, haipatani na maji. Basi kuna protini inayoipokea pale mlangoni na kuivusha, kama mtumbwi unavyomvusha abiria asiyejua kuogelea, mpaka kwenye kipokezi kilichopo juu ya utando wa neva. Kipokezi kinafunguka, chembe zenye chaji zinaingia, neva inapiga. Vimeng'enya vilivyomo humo humo vinaivunja molekuli upesi ili kinywele kiwe tayari kusikia inayofuata.

Molekuli moja inatosha kuipigisha neva. Hapo ndipo washauri wa mahusiano wakisoma huwa wanafunga kitabu na kuwasha kamera: umeona, molekuli moja tu! Wangesoma ukurasa unaofuata. Neva za kipapasio hupiga zenyewe hapa na pale hata pasipokuwa na harufu, kama redio yenye mikwaruzo, na ubongo wa nondo umezoea hilo. Hausadiki mlio mmoja. Kaissling na Priesner walikadiria mwaka 1970 kwamba ni lazima vinywele kama 200 viguswe ndani ya sekunde moja ndipo dume aanze kupiga mabawa. Chini ya hapo anakaa alipo. Zaidi ya hayo, ndani ya kinywele kile kile kuna neva ya pili inayosikia kemikali nyingine, bombikali, na hiyo humpoza. Kwa hiyo kiumbe chenye ubongo mdogo kuliko punje ya mtama kinadai uthibitisho kabla ya kunyanyuka, na kina breki. Halafu mwanaume mzima, mwenye shahada, anatuambia yeye hana.

Nondo wa hariri amefugwa mpaka hawezi tena kuruka, anatembea tu huku anatikisa mabawa. Wanaoruka ndio wana mengi ya kueleza. Upepo hauleti harufu kama kamba iliyonyooshwa. Unaikata nyuzi nyuzi, kama moshi wa jiko la mkaa unavyokatikakatika ukitoka mlangoni. Dume akigusa uzi wa harufu, anaruka kuelekea upepo unakotoka. Bangwe usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo dume wa kwetu akiitwa hulipa ziwa mgongo na kupandisha mlima. Akiupoteza uzi, hasongi mbele kwa ukaidi. Anaacha kusonga, anayumba kushoto na kulia kuukata upepo, anasubiri kuguswa tena. Asipoguswa, anaachana na safari. Ukimzungushia wingu zito la harufu lisilokatika, anashindwa hata kujua aende wapi, na wakulima wa nchi mbalimbali hutumia ujanja huo kuwavurugia uzazi nondo waharibifu. Ili afike anahitaji kuitwa, kisha kuitwa tena, kisha kuitwa tena. Kukiwa kimya, kwake ni kimya.

Na si kila wito. Ulaya kuna nondo anayetoboa mabua ya mahindi, ndugu wa mbali wa hawa watoboaji wanaotusumbua sisi. Wamegawanyika makundi mawili, na majike wa makundi yote mawili hutumia kemikali zile zile mbili. Tofauti ni vipimo tu: kundi moja huchanganya kama 97 kwa 3, jingine hugeuza, 1 kwa 99. Dume wa kundi la kwanza akikutana na mchanganyiko wa kundi la pili mara nyingi hana habari nao. Viungo ni vile vile, ila havijamwita yeye.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote hauna hata mashine. Jean-Henri Fabre, mwalimu wa zamani aliyestaafia Sérignan kule kusini mwa Ufaransa, alikuwa na nondo jike nyumbani kwake na kila siku madume walikuja wenyewe kutoka porini. Siku moja akamweka jike ndani ya kengele ya kioo, mezani, penye mwanga, aonekane na kila aingiaye. Pahali alipokuwa amelala usiku akapahamishia pembeni. Madume wakaingia, wakapita mbele ya kioo bila kusimama, wakaenda kurundikana pale palipokuwa na harufu yake na hapakuwa na mtu. Jike alikuwa wazi, mzima, mzuri kama nondo jike anavyoweza kuwa mzuri, na hakuna hata mmoja aliyemjali. Sasa nataka wale wanaosema "lakini alivaa vile" waisome aya hii mara mbili. Nondo hajui habari za alivaaje. Mkitaka kutetea macho yenu, tafuteni mnyama mwingine.

Na kufika si kukubaliwa. Marekani kuna nondo mmoja mzuri, Utetheisa, mwenye rangi za kanga, ambaye amechunguzwa kwa miaka mingi. Kiwavi wake hula mbegu za marejea, ile jamii tunayoipanda kurutubisha udongo, na huhifadhi sumu ya mmea mwilini. Dume akishafika kwa jike hutoa vinywele vyake mwenyewe vyenye harufu inayotokana na sumu ile, na jike humpima kwa hiyo. Dume asiye nayo hukataliwa mara nyingi. Mwenye nayo akikubaliwa humpa jike sehemu ya sumu pamoja na mbegu, na jike huipaka kwenye mayai yasiliwe. Ndugu yake, Utetheisa pulchella, yupo Afrika, huenda umeshamkanyaga bila kujua. Mahari inapimwa mlangoni, na anayepima ni jike. Sijamsikia mshauri yeyote wa mahusiano akilitaja hilo.

Kuna hali moja ambapo dume huja mahali pasipo na jike, na naijua vizuri kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ni pale mtu anapotengeneza wito wa uongo. Mtego wangu ni ndoo nyeupe, koo la njano, kifuniko cha kijani, na ndani yake kipande cha mpira kilicholoweshwa kemikali mbili za kiwavijeshi vamizi kwa vipimo vyake. Madume huja, huingia, hufa. Hapo mwenye kosa la udanganyifu ni mimi. Mtego nimeutundika mimi, jina langu liko kwenye kibali cha utafiti.

Hapa ndipo muuza manukato anapoingia, kwa kuwa naye anauza kipande cha mpira. Nilimkuta Ujiji na chupa ndogo nyeusi, shilingi elfu thelathini, maelezo kwa Kiingereza kwamba humo mna feromoni za kiume zilizothibitishwa kumvuta mwanamke yeyote. Kosa la kwanza unaliona bila kufungua chupa: hadithi yote imejengwa juu ya nondo, na kwa nondo anayeita kutoka mbali ni jike. Chupa ya namna hiyo, kama ingekuwa na mantiki yake, ingetengenezwa na mwanamke, na angeipulizia akitaka. Nikasoma viambato. Androstenoni. Hiyo ni feromoni kweli, haina ubishi. Ni ya nguruwe. Dume la nguruwe huitoa kwenye mate yake, jike aliye tayari akiisikia husimama wima kumsubiri, na wafugaji hununua kopo lake la kupulizia ili kurahisisha upandikizaji.

Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, hii ni ya kitimoto."

Akaitazama chupa, akatazama barabara, ilikuwa inakaribia alasiri na watu wanaelekea msikitini. Akaniomba nishushe sauti.

Kuhusu binadamu, habari ni fupi na inasikitisha. Hakuna feromoni ya kimapenzi ya binadamu iliyothibitishwa. Zile mbili zinazotajwa kila mahali, androstadienoni na estratetraenoli, ziliingia kwenye maandiko ya sayansi mwaka 1991 kupitia kampuni ya Marekani iliyokuwa na maslahi ya kibiashara nazo, na hakuna aliyewahi kuonyesha hatua kwa hatua, kama Butenandt alivyofanya, kwamba mwili unazitoa kwa kazi hiyo na mwili mwingine unazipokea. Tristram Wyatt wa Oxford, mwandishi wa kitabu cha kiada cha fani hii, aliupitia ushahidi wote mwaka 2015 na akasema wazi kwamba miongo imepotea. Akaeleza pia kwamba kama tunataka mahali pazuri pa kuanzia upya, tutazame kwa mama anayenyonyesha: tezi zinazoizunguka chuchu hutoa majimaji ambayo mtoto mchanga, hata asiye wake, akiyasikia hugeuza kichwa na kuanza kutafuta kwa mdomo. Kwa hiyo wito wa harufu wa binadamu wenye matumaini zaidi kuthibitishwa ni ule unaomwelekeza mtoto kwenye ziwa. Ungedhani habari hiyo ingesambaa. Haiuzi manukato.

Sasa kile kikao.

Kuna binti wa jirani, kidato cha pili. Jioni akitoka tuisheni kuna mtu mzima mwenye pikipiki anayemfuata. Anapunguza mwendo, anaenda naye sambamba, anaongea. Siku moja alishika mkoba wake na kukataa kuuachia mpaka amwambie jina. Mtoto akamwambia mama yake, mama akamwambia baba mdogo, na Jumapili moja watu wakakaa barazani. Mimi niliitwa kwa kuwa ni msomi, na nadhani pia kwa kuwa nilikuwa likizo na sina kazi. Nikawaamkia, nikakaa mkekani na kina mama.

Niseme kwamba hakuna mtu mbaya aliyekaa pale. Mzee aliyeongoza kikao ni mtu wa huruma, alinibeba mabegani nikiwa mdogo. Akaanza kwa upole kwamba mtoto hana kosa, ila dunia imebadilika. Kisha akaitoa ile sentensi. Mwanaume ni kama nondo. Akamgeukia binti: "Na wewe mwanangu, hayo manukato unayojipulizia kwenda shule, unadhani yanamfikia nani?"

Yalikuwa ni kipulizio cha kawaida cha dukani. Wasichana wa bwenini wanakigawana.

Nikaomba nafasi. "Shikamoo tena mzee wangu. Nondo dume haendi asipoitwa. Huyu mtoto hajamwita mtu."

"Harufu si ndiyo wito wenyewe? Wewe si ndiye unasomea?"

"Wito wa nondo unatoka mwilini mwa jike, kwa saa yake, kwa dume wa aina yake. Kile kipulizio kimetoka dukani, mzee. Kimeandikwa maua. Nyuki angekuja, ningeelewa."

Shangazi akacheka, wengine wakacheka, na kicheko hicho kikalimaliza jambo, maana kikao kikishacheka kinaona kimepona. "Mambo ya vitabu," baba mdogo akasema, bila ubaya. Ikakubaliwa abadilishe njia, apite ile ndefu ya juu. Ajitande vizuri. Aache kipulizio. Jina la mwenye pikipiki, ambalo kila aliyekuwepo analijua, halikutajwa hata mara moja. Aliitwa "huyo bwana" kama mvua inavyoitwa mvua.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa nisikasirike. Sentensi ya nondo ina kazi. Inamtoa mtu mmoja kwenye kikao na kumwacha mwingine peke yake. Mkishasema mwanaume ni kipapasio tu, hakuna tena wa kuulizwa isipokuwa mwenye harufu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 17 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wameshafanyiwa ukatili wa kingono. Sheria tunayo, ya makosa ya kujamiiana, tangu 1998. Lakini kati ya mkeka wa barazani na hiyo sheria kuna umbali mrefu, na katikati yake wamesimama nondo wa kubuni chungu nzima. Mpaka Novemba 2021 msichana aliyepata mimba alikuwa harudi shule ya serikali. Aliyempa mimba, kama alikuwa mwanafunzi mwenzake na hakuna aliyemtaja, alikuwa anamalizia mtihani wake. Hesabu ni ile ile: aliyesikika ndiye mwenye kosa.

Yule mwenzangu wa maabara, nilipomsomea rasimu ya haya, alinishika mahali ambapo wengi watanishika. Alisema, wewe nawe unafanya kilekile, unachukua maadili kwa mdudu, tofauti umemchukua upande wako. Ni hoja nzuri, naijibu. Sisemi tuishi kama nondo. Nondo dume wengi huishi siku chache tu, na wa hariri hata kula hali. Kama ningetaka mfano wa kinyama ningeupata chini ya godoro: kunguni dume humchoma jike tumboni kwa kiungo kama sindano na kumwaga mbegu humo humo kwenye jeraha, na jike wakati mwingine hufa kwa hilo. Maumbile yana kila kitu, yamejaa kama soko la Mwanga siku ya sikukuu. Ukiingia unatoka na ulichokifuata. Kwa hiyo anayetuletea mdudu na kusema "ni biolojia tu" ameshaamua nyumbani kwake, mdudu amemkodi baadaye. Ninachosema mimi ni kidogo zaidi: hata huyo mliyemkodi, wa kwenu, mliyemchagua wenyewe kati ya wadudu wote wa dunia hii, amekataa kusema mlichomtuma.

Na wasomi tuna sehemu yetu. Mzee wa Bangwe hakuipata ile sentensi kwa babu zake. Ameipata kwenye simu ya mjukuu wake, kutoka kwa kijana mwenye shahada anayejua kwamba neno "feromoni" likitamkwa watu hunyamaza. Mambo ya vipapasio tunayaandika kwa Kiingereza, kwenye majarida ya kulipia, halafu tunashangaa kwamba kilichofika Kigoma ni chupa ya nguruwe. Ile habari ya vinywele 200 ningeweza kumweleza mzee kwa Kiswahili, kwa dakika mbili, angeielewa, ni mtu aliyevua dagaa maisha yake yote na anajua tofauti ya samaki kupita na samaki kuja. Hakuna aliyewahi kumweleza. Kabla ya kikao kile hata mimi nilikuwa nimeyaandika yote kwa Kiingereza.

Watu walipotawanyika binti alinisaidia kukunja mkeka. Akaniuliza, "Dada, kwa hiyo ile spray niiache?" Nikamwambia ni yake, aamue mwenyewe. Akasema inakaribia kuisha hata hivyo.

Siku hizi anapita ile njia ndefu. Inamchukua dakika ishirini zaidi, na sehemu yake moja haina nyumba. Mwenye pikipiki bado yupo, jioni saa kumi na mbili utamkuta pale pale chini ya mwembe na wenzake. Kikao cha kumjadili yeye hakijaitishwa.